Michemko mikubwa ya jua: darubini haiioni, ila kuipima mnaweza hata mkiwa Mbagala

Swali limetoka kwa mwalimu wa fizikia wa sekondari huku Mbagala, nimelifupisha kidogo: "Habari za kazi mtaalamu. Shule yetu imepata darubini ya lenzi, upana milimita 90, fokasi milimita 900, na filta ya jua ya kuvalisha mbele. Nilikua nafundisha konveksheni kidato cha tatu, mwanafunzi akauliza kama na jua lina konveksheni, nikamwambia ndio, tena kuna michemko midogo na mingine mikubwa ya makumi elfu ya kilomita. Sasa darasa zima linataka kuiona hiyo mikubwa. Nimeelekeza darubini naona sahani nyeupe na madoa mawili matatu, basi. Nakosea wapi, au tununue kifaa gani?"

Mwalimu, salama kabisa, na hao watoto wape hongera zao maana wameuliza kitu ambacho wanasayansi wa jua wenyewe walikaa nacho miaka na miaka. Hukosei popote. Michemko mikubwa haionekani kwa kuchungulia, na hapo sio kwamba darubini yenu ni ndogo, hata ile kubwa kuliko zote za jua iliyoko Haleakala kule Hawaii, yenye kioo cha mita 4, ukipiga nayo picha ya mwanga wa kawaida hutaona mchemko mkubwa umejichora hapo. Kinachoonekana ni midogo, na hiyo milimita 90 yenu iko mpakani kabisa, hewa ikitulia mtaiona. Mikubwa ni mwendo. Unaijua kwa kupima gesi inaenda wapi na kwa kasi gani, na hilo darasa lako linaweza kulifanya bila kununua kifaa chochote, ntakuelekeza.

Kabla ya yote nisemee usalama maana kuna watoto hapo. Filta ya kuvaa mbele ya darubini ndo yenyewe, kila siku kabla hamjaanza ishike uielekeze kwenye jua uikague kama ina tundu au mkwaruzo, ikiwa nao itupe. Funika na ile darubini ndogo ya kutafutia iliyo ubavuni, au ing'oe kabisa, maana mtoto atachungulia tu hata umwambie nini. Na kama kwenye boksi mlikuta kigilasi cheusi cha kufunga kwenye lenzi ya jicho, kivunje leo, kile kinakaa pale ambapo joto lote la jua limekusanyika na kinaweza kupasuka jicho likiwa palepale. Filimu za eksirei hapana. Miwani ya karatasi ambayo watu walibaki nayo toka kupatwa kwa jua kwa 1 Septemba 2016, kule Rujewa Mbeya, ni ya kuangalia kwa macho matupu tu, mtu asije akaivaa akachungulia nayo kwenye darubini.

Haya twende kwenye jua. Kutoka katikati mpaka juu ni kama kilomita laki saba, na katika hizo ni kama laki mbili za nje tu ndo zinachemka. Chini ya hapo nishati inasafiri kama mwanga, taratibu sana, inagonga chembe hii inarudi inagonga ile. Ukifika kwenye hizo laki mbili joto limeshashuka mpaka kama digrii milioni 2, gesi inaanza kuukaba mwanga, haupiti vizuri tena, kwahiyo nishati inajirundika na gesi yenyewe inalazimika kuibeba, ya moto inapanda ya baridi inashuka, ile konveksheni uliyoichora ubaoni. Inafika juu kwenye digrii kama 5,500, pale gesi inaanza ghafla kupitisha mwanga na mwanga unatoroka kwenda angani, gesi inapoa ndani ya muda mfupi mno, inakua nzito, inazama. Hilo la kupoa juu nisisitize kwa wanafunzi kwa sababu vitabu vyetu vinakazania joto la chini tu. Kwenye jua kinachoendesha mambo zaidi ni ule upoaji wa pale juu, gesi iliyopoa inatumbukia kwenye mifereji myembamba kwa kasi, na ya moto inapanda kwa upana kuziba nafasi.

Michemko midogo inaitwa granuli. Kila mmoja una upana wa kilomita 1,000 mpaka 1,500 hivi, katikati unang'aa, pembeni kuna mfereji mweusi ambako gesi inashuka. Unaishi dakika kumi hivi, mara nyingi hata hazifiki, unapasuka au unamezwa na jirani, mwingine unazuka. Gesi inapanda kwa kilomita moja au mbili kila sekunde. Uso wote wa jua umejaa hizo, mamilioni, na tofauti ya joto kati ya katikati na kwenye mfereji ni mamia ya digrii, ndo maana jicho linaona. Mwanaastronomia William Herschel tangu 1801 alishaandika kwamba uso wa jua una makunyanzi, na picha nzuri za kwanza alizipiga Janssen pale Meudon, Ufaransa, miaka ya 1870.

Kutoka huku kwetu duniani, kilomita 725 za juu ya jua zinaonekana kama sekunde moja ya tao, hiyo sio ya saa, ni kipimo cha pembe, digrii moja ukiigawa mara 3,600. Kwahiyo granuli moja pamoja na mfereji wake ni sekunde moja na nusu mpaka mbili. Darubini ya milimita 90 inatenganisha vitu vya sekunde 1.3 hivi ikiwa kila kitu kiko sawa. Umeona jinsi ilivyobana, hapo darubini inatosha kwa shida na kinachowaangusha ni hewa. Na hewa ya Dar mchana, mwalimu, ni mbaya sana kwa kazi hii. Bati za madarasa, lami ya Kilwa Road, kuta za bloku, vyote vinatema joto na jua linacheza cheza kwenye lenzi. Mimi ningewaambia mje saa mbili asubuhi, mfanye mpaka saa tatu na nusu, jua limeshapanda vya kutosha ila ardhi haijapata moto. Muweke darubini katikati ya uwanja kwenye majani, sio kwenye zege, mbali na paa. Mkipata usafiri siku moja vukeni Kigamboni muende ufukwe unaotazama mashariki, pale asubuhi jua liko juu ya bahari na hewa iliyopita juu ya maji inakua tulivu kuliko yoyote utakayoipata mjini. Miezi ya Juni mpaka Septemba ndo mizuri, masika msijisumbue.

Lenzi ya jicho tumia ya milimita 10, inakupa ukuzaji wa mara 90, ukizidisha sana picha inafifia. Fokasi usiitafute kwenye ukingo wa jua, itafute kwenye doa, zungusha mpaka ukingo wa sehemu nyeusi ya doa uwe mkali kabisa, alafu hamisha jicho pembeni ya doa, maeneo ya katikati ya sahani, usubiri. Usihangaike na ukingoni maana kule granuli zimelala upande. Ukiwa na filta ya kijani iongeze kwenye lenzi ya jicho, ile ya jua ya mbele ibaki palepale, inasaidia kweli. Utaona sekunde nyingi za ukungu ukungu, alafu hewa inatulia nusu sekunde na uso mzima unakua na chengachenga nyepesi, kisha inapotea. Ndo hiyo. Mwanafunzi ambaye hajaambiwa atapita bila kuona, kwahiyo kila mmoja akae pale dakika kadhaa, asichungulie mara moja akapisha mwenzie.

Mkiwa na kamera ya kuchomeka mahali pa lenzi, pigeni video ya sekunde 30 mpaka dakika moja, fremu nyingi iwezekanavyo, alafu programu ya bure kama AutoStakkert inachagua fremu nzuri na kuzipanga moja juu ya nyingine. Msizidishe dakika moja, granuli zenyewe zinabadilika na mkizipanga za muda mrefu mnazifuta wenyewe.

Sasa mikubwa. Inaitwa supagranuli, na mmoja ni kama kilomita 30,000, dunia mbili zinakaa ndani na nafasi inabaki. Unaishi kama siku moja, mingine zaidi. Ukilinganisha na granuli ni mkubwa mara ishirini na zaidi, na kwa darubini yenu ni sekunde 40 za tao, yani ukubwa wa Jupita ikiwa karibu yetu. Kwa ukubwa huo mtu angetegemea uonekane kabla ya granuli. Hauonekani kwa sababu tofauti ya joto kati ya katikati na pembeni ni digrii moja, mbili, tatu hivi, katika elfu tano na mia tano. Mwangaza wake ni uleule. Na juu yake granuli zinapasuka na kuzaliwa kwa tofauti za mamia ya digrii, kale kadigrii kamoja utakapata wapi. Jicho linaona mwanga, halioni mwendo, na supagranuli karibu wote ni mwendo. Gesi inatokea katikati, inasambaa kwa ulalo kuelekea pembeni kwa mita 300 mpaka 500 kwa sekunde, inazama pembeni. Ule mwendo wa kupanda na kushuka wenyewe ni mdogo mno, makumi ya mita tu kwa sekunde au pungufu.

Kwahiyo inapimwa kwa Dopla, na hapa mwalimu unaingia kwenye eneo lako. Mwanga wa jua ukiutawanya unakuta mistari myeusi, kila elementi na yake. Gesi ikija kwetu mstari unasogea kidogo upande wa bluu, ikiondoka unasogea upande wa nyekundu. Wape wanafunzi wapige hesabu wenyewe, mita 400 kwa sekunde ukigawa kwa kasi ya mwanga, watapata kama sehemu 1.3 katika milioni. Ndo kiasi ambacho mstari unasogea. Mtu wa kwanza kukutana nayo ni Hart pale Oxford, mwaka 1954, ambaye kazi yake ilikua kupima kasi ya jua kujizungusha kwenye ikweta, na vipimo vikawa vinapanda na kushuka kwa mpangilio wa makumi elfu ya kilomita. Miaka michache baadae Leighton, Noyes na Simon wakatumia mnara wa jua wa Mount Wilson, California, na kwa ujanja ambao mimi mpaka leo naupenda sana. Walipiga picha mbili za jua kwa wakati mmoja, moja kwa mwanga wa upande wa bluu wa mstari, nyingine kwa upande wa nyekundu, alafu wakatoa moja kwenye nyingine kwa njia ya filamu tu, kompyuta hamna. Vyote visivyotembea vikafutika, ikabaki ramani ya mwendo. Karatasi yao ilitoka 1962 na ndani yake mlikua na vitu viwili vikubwa kwa mpigo, supagranuli zimejaa jua zima, na uso wa jua unapumua juu chini kila dakika tano. Hiyo ya dakika tano ndo ilikuja kuzaa sayansi nzima ya kulisoma tumbo la jua kwa kutumia mitetemo yake.

Kuna kitu kimoja kwenye ramani ya namna hiyo ambacho ukiwauliza wanafunzi wako wakakijibu, wameelewa Dopla kuliko mtihani wowote. Katikati ya sahani ya jua supagranuli hazionekani. Zinaanza kuonekana ukitoka katikati kuelekea pembeni, na kila moja nusu yake ya upande wa katikati ni bluu, nusu ya upande wa ukingo ni nyekundu. Waulize kwanini. Wakikumbuka kwamba Dopla inasoma tu mwendo wa kuja kwetu au kuondoka, na kwamba supagranuli inasambaa kwa ulalo, wataona wenyewe kwamba pale katikati gesi inakatiza mbele yetu, haiji wala haiondoki, na pembeni uso wa jua umeinama kwahiyo mwendo wa ulalo unageuka kuwa wa kuja na kuondoka. Usiwape jibu. Waache wabishane kipindi kizima, watafika.

Kupata ramani yenyewe ni bure. Chombo cha NASA kinaitwa SDO, kilirushwa 11 Februari 2010, ndani yake kuna kifaa cha HMI kinachopima mstari mmoja wa chuma wa nanomita 617.3 na kutoa ramani ya mwendo ya jua zima kila sekunde 45, nukta 4096 kwa 4096. Data zinatunzwa Chuo Kikuu cha Stanford na mtu yeyote anaweza kuomba kwa kusajili imeili yake. Watu wengi wanashauri uchukue zile za sekunde 45, mtafute wenyewe wastani wa nusu saa nzima kuondoa ule upumuaji wa dakika tano, ila hizo ni picha arobaini na bando lako litaisha kabla ya somo. Wewe chukua zinazoitwa hmi.V_720s, hizo wameshazitafutia wastani wa dakika kumi na mbili, mbili tatu za mfululizo zinatosha darasa zima na ni makumi ya megabaiti tu.

Ukiifungua haraka haraka hutaona kitu, usikate tamaa. Utaona upande mmoja wa jua umeelekea bluu na mwingine nyekundu, basi. Huo ni mzunguko wa jua wenyewe, kilomita 2 kwa sekunde kwenye ikweta, umefunika kila kitu. Na chombo chenyewe kinazunguka dunia kwahiyo nacho kinaongeza mwendo wake, unaweza kufika kilomita 3 kwa sekunde, kutegemea saa. Mwendo wa chombo umeandikwa kwenye kichwa cha faili, mstari wa OBS_VR, unautoa. Alafu lainisha picha kwa mraba mpana, nukta mia tatu hivi, unapata ule mteremko wa mzunguko peke yake, unautoa nao kwenye picha ya mwanzo. Kwa lugha ya kompyuta ya Python na maktaba yake ya SunPy ni mistari ishirini hivi ya kodi, na shuleni kwako hapo lazima kuna mtoto anayejua kodi kuliko sisi wote. Ukishautoa mteremko ule weka mipaka ya rangi kwenye mita 500 kwa sekunde kila upande, na supagranuli zinatokea zote kwa pamoja, maelfu, jua zima limejaa madoadoa ya bluu na nyekundu yaliyojipanga kama nilivyokueleza, na katikati pamekua patupu. Hiyo picha ichapishe ubandike ukutani.

Njia ya pili haihitaji hesabu, ni kuangalia kile ambacho michemko imekisukuma. Gesi inayosambaa inazoa sumaku ya jua na kuirundika pembeni mwa supagranuli, na pale sumaku ilipobanana hewa ya juu ya jua inapata moto zaidi na kung'aa kwenye mwanga wa kalsiamu, nanomita 393. Kwahiyo mipaka ya supagranuli inajichora kama wavu unaong'aa. Hale na Deslandres waliuona wavu huo miaka ya 1890, ila ilibidi kusubiri mpaka 1964 ndo Simon na Leighton wakaonyesha kwamba matundu ya wavu ndo supagranuli zenyewe. Kwenye simu fungua picha za SDO, chagua ile ya anstromu 1700 (anstromu ni sehemu ya kumi ya nanomita), utauona wavu huo sasa hivi. Weka pembeni na ramani ya sumaku ya HMI ya saa hiyohiyo, mipaka inalingana. Zoezi la darasani ni jepesi, chapisha jua kwenye A4 likiwa na upana wa sentimita 20, kila kikundi kipime matundu hamsini kwa rula kilete wastani. Jua zima ni kilomita 1,392,000, kwahiyo tundu la kilomita 30,000 linatakiwa liwe milimita 4 na kitu. Vikundi vitapishana, na ni sawa, matundu yenyewe hayalingani. Pakua na picha ya kesho saa ileile, na keshokutwa. Jua litakua limejizungusha digrii 13 hivi kwa siku na matundu mengi hamtayatambua tena, hapo mmepima umri wake.

Kuna swali ambalo hukuuliza ila wanafunzi watalifikia, je kuna mikubwa kuliko supagranuli? Simon na Weiss walisema tangu 1968 kwamba lazima iwepo, seli za upana wa laki na zaidi za kilomita, zinazokwenda chini kabisa mpaka mwisho wa tabaka linalochemka. Shida ni kasi. Zilitegemewa kuwa na kama mita 10 kwa sekunde, na juu yake kuna supagranuli za mita 400, upumuaji wa dakika tano na mzunguko wa mita elfu mbili. Dopla peke yake inazama hapo. Kilichosaidia ni kitu ambacho mtu yeyote aliyesubiri pantoni pale feri anakijua, mkondo wa maji chini huuoni, ila ukifuata taka na majani yanayoelea unajua maji yanaenda wapi. Wanafizikia wa jua walianza kwa kufuata granuli, November na Simon mwaka 1988, granuli zikielea juu ya supagranuli zikaonyesha jinsi zinavyobebwa toka katikati kwenda pembeni, hapo ndo hata katikati ya sahani, pale Dopla inapokosa, pakapata ramani. Alafu Hathaway na wenzake wakapanda ngazi moja juu, wakafuata supagranuli zenyewe kwa data za HMI, na mwaka 2013 wakatangaza kwamba zinabebwa na mikondo mikubwa inayodumu miezi, kwa kasi ya mita chache mpaka kumi na kitu kwa sekunde.

Mwaka mmoja kabla ya hapo Hanasoge, Duvall na Sreenivasan walikua wametumia mitetemo ya ndani ya jua na kupata kwamba mikondo mikubwa kule chini ni dhaifu mno, mara ishirini mpaka mia chini ya modeli za kompyuta zinavyotaka. Wengine wakapima kwa njia nyingine wakapata kasi kubwa zaidi. Na 2021 Gizon na wenzake wakaonyesha kwamba baadhi ya mikondo iliyo karibu na ncha za jua inatembea kama mawimbi yanayotokana na jua kujizungusha, sio michemko. Maoni yangu mimi ni kwamba matokeo ya 2013 yameona mwendo wa kweli, lakini kuuita wote konveksheni ni mapema. Hili sio jambo dogo, kwa sababu ikweta ya jua inazunguka kwa siku kama 25 na ncha zake zinachelewa mpaka 35 hivi, na michemko mikubwa ndo inatakiwa ieleze tofauti hiyo, na tofauti hiyo ndo inasokota sumaku inayotoa madoa kila miaka 11. Kama michemko ni dhaifu kiasi kile, nani anaendesha? Na supagranuli nazo, kwanini zimependa kilomita 30,000 na sio elfu kumi au laki, Simon na Leighton walipendekeza heliamu inayobadilika hali kule chini, wengi leo hawakubali, jibu moja halijapatikana. Waambie wanafunzi hivyohivyo, kwamba wakifika chuo swali litakua bado linawasubiri.

Kuhusu kununua. Filta ya kalsiamu ya darubini ipo na kwa milimita 90 yenu wavu utauona, ila bei yake inazidi milioni na zaidi ya hapo macho ya mtu mzima hayaoni vizuri mwanga wa nanomita 393, watoto wataona wewe hutaona, mtahitaji kamera. Msianze na hiyo. Kama shule ina hela kidogo, wekeni kwenye kamera ya kuchomeka na laptop. Baada ya hapo kama kuna klabu ya sayansi yenye moyo, angalieni kifaa kinaitwa Sol'Ex, alikibuni Mfaransa Christian Buil, michoro yake ni bure, vipande vinachapishwa kwa printa ya 3D na Dar siku hizi vijana wenye printa hizo wapo, mnaagiza vioo na vilenzi vyake tu. Kinatawanya mwanga na kupitisha jua mbele ya mwanya mwembamba, kompyuta inajenga picha ya jua kwenye mstari wowote mnaoutaka, kalsiamu ikiwemo, na hata ramani ya Dopla ya mzunguko wa jua. Hakuna wa kuchungulia kwa jicho, kila kitu kinaenda kwenye kamera. Mjue tu urefu wa mwanya wake ni milimita 4.5 na kwa fokasi yenu ya 900 taswira ya jua ni milimita 8 na kitu, halitaingia lote kwa mpito mmoja, kwahiyo mtapiga vipande viwili au vitatu na kuviunga, au mtafute lenzi ya fokasi fupi ya milimita 400 hivi.